Gundi ya Mgunga: Joto, Mwinuko na Wakati wa Kukata

Vikundi kadhaa vya hapa Wabera, hasa vya akina mama wanaonunua gundi kwa wachungaji na kuiuza tena, vimetuuliza swali moja. Wamesikia ya kwamba kule Kanada watu hufunga mipira ya plastiki kwenye miti, wakawasha mashine ya kuvuta, na utomvu ukatiririka wenyewe mpaka kwenye tangi. Basi mbona sisi tuzunguke porini na kiondo, tukitoa tone moja moja katikati ya miiba? Kwa nini tusichange pesa tununue mashine?

Swali ni zuri, na tutalijibu kwa urefu kidogo. Jibu lake ndilo linaloeleza pia kwa nini msimu mmoja gundi hupatikana na mwingine hukosekana, na kwa nini miti mingine hufa baada ya kukatwa.

Mti wa Kanada unaitwa mepo. Ni ule ambao jani lake liko kwenye bendera yao. Utomvu wake ni maji maji yenye sukari kidogo tu, hata inabidi kuchemsha kama lita 40 ili kupata lita 1 ya sharubati nzito. Maji hayo husukumwa na baridi. Usiku baridi hugandisha maji ndani ya mti, na mti huvuta maji mengine kutoka mizizini. Mchana jua likitoka barafu huyeyuka, na nguvu iliyojibana ndani husukuma utomvu nje kupitia tundu lililotobolewa. Mashine kazi yake ni kunyonya hewa kwenye mipira ili utomvu utoke kwa urahisi zaidi. Pasipo usiku wa barafu na mchana wa kuyeyuka, mashine itavuta hewa tupu. Karibu na sisi, mahali maji huganda usiku ni kule juu kabisa Mlima Kenya, na huko hakuna mepo wala mgunga.

Tena mashine za kuvuta zina shida nyingine, ambayo ni vizuri kila kikundi chenye pampu kiijue. Hewa ina uzito, na mashine ya kuvuta hutegemea uzito huo. Pwani, uzito wa hewa unaweza kuinua zebaki sentimita 76. Hapa Isiolo mjini, kama mita 1,100 juu ya bahari, ni sentimita 67 hivi. Kwa hivyo pampu ya petroli ambayo Mombasa kwa hesabu ingevuta maji kutoka mita 10 chini yake, hapa kwetu mwisho wake kwa hesabu ni kama mita 9. Kwa kazi ya kila siku usiiweke zaidi ya mita 6 juu ya maji. Wengine hulaumu fundi, kumbe ni mwinuko.

Sasa turudi kwa mgunga wetu. Huu hauna maji ya kuvutwa. Gundi yake ni dawa ambayo mti unajitengenezea. Ganda likiumia, kwa panga, kwa mdudu au kwa mbuzi, mti hutumia sukari yake kutengeneza gundi ndani ya ganda na kuziba kidonda. Hutoka pole pole, kisha jua na upepo huikausha ikawa tone gumu. Ukiweka mpira hapo, utaziba kabla ya wiki kuisha.

Mgunga tunaousema ni ule wenye miiba mitatu mitatu: miwili inatazama juu na wa katikati umepinda kama ndoana kuelekea chini. Ukiona miiba miwili miwili mirefu iliyonyooka, huo ni mgunga wa aina nyingine. Gundi yake ina bei ya chini, na ukiichanganya unaharibu gunia zima. Pia tusichanganye na dakara na hagarsu. Hizo ni za jamii ya ubani na manemane, na zina wanunuzi wao. Njia rahisi ya kujua ni kutia kipande kwenye glasi ya maji usiku. Gundi ya mgunga asubuhi utaikuta imeyeyuka yote, lakini zile nyingine zitabakisha vipande.

Ni kitu gani kinaufanya mti utoe gundi nyingi? Ni joto pamoja na ukavu. Mti ulioshiba maji, wenye majani mabichi, hutumia sukari yake kukua. Ukiukata wakati huo utafunga kidonda na kukupa kidogo sana. Mvua ikiisha, jua likawa kali, majani yakaanza kuwa manjano na kuanguka, mti huacha kukua. Hapo ndipo sukari iliyowekwa wakati wa mvua hugeuzwa kuwa gundi. Kwa hivyo mvua nzuri kwanza, halafu joto kali. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Wazee wa Kiborana waligawa mwaka wao vizuri kuliko kalenda ya ukutani. Baada ya mvua za hagaya huja bona, kiangazi cha joto, kuanzia Desemba hadi mvua za ganna zikaribie. Huo ndio msimu mkubwa wa gundi. Baada ya ganna huja adolessa, kuanzia Juni. Nayo ni kavu, lakini ina baridi na upepo. Mtu akiona ardhi imekauka mwezi wa Julai hudhani wakati umefika, akakata, na wapi! Gundi inakuja kidogo, laini, inashika vumbi lote la barabara ya Merti. Afadhali angoje joto lirudi kuelekea Agosti na Septemba.

Mwinuko unaingia hapa, kwa sababu mwinuko ni baridi. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6. Ndiyo maana ukitoka Isiolo ukapanda kwenda Meru unavaa sweta, na huko juu hutaona mtu akiokota gundi. Ukishuka upande wa Garba Tula, Merti na Sericho, kuelekea kinamasi cha Lorian ambako ni kama mita 200 tu juu ya bahari, hewa inazidi kuwa moto na mti hukauka mapema. Kwa hivyo tarehe ya kukata haiwezi kuwa moja kwa wilaya yote, kama tunavyoizoea kuiita bado. Jirani wa Merti anaweza kuwa ameshaanza kuokota na wewe wa kando ya mji, mahali palipoinuka, bado majani yako mabichi. Usimfuate. Tazama mti wako. Kata miti miwili au mitatu ya kujaribu, na kama baada ya wiki tatu hakuna tone, miti iliyobaki ingoje.

Namna ya kukata ni jambo ambalo linatuhangaisha. Kule Sudan, ambako ndiko gundi nyingi ya dunia hutoka, hawatumii panga. Wana chombo cha chuma chenye mpini mrefu, kinaitwa sonki, cha kubandua utepe mwembamba wa ganda bila kuumiza mti wenyewe. Kidonda kina upana kama wa vidole vitatu na urefu kama wa mkono hadi kiwiko. Wakati wa kuokota mara ya kwanza ni wiki nne hadi sita baadaye, kisha kila baada ya wiki mbili hivi. Mti mmoja kwa wastani hutoa kama robo kilo kwa msimu. Piga hesabu: gunia la kilo 50 ni miti 200. Mtu anayekata kwa kina akidhani atapata kilo mbili kwa mti anajidanganya, na mwaka ujao atakuta kuni.

Na ukavu ukizidi? Tuliona ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na mifugo ikaisha. Mti ambao haukupata mvua hauna sukari ya kutengeneza gundi. Ukiukata hautoi kitu, na kidonda hakifungi. Tunajua ni vigumu kumwambia mama ambaye mbuzi wake wamekufa asiguse mti. Lakini kwa mwaka kama ule, aokote tu iliyotoka yenyewe kwa wadudu na kwa vidonda vya zamani, na asikate mpya.

Kwa ninyi mnaonunua hapa mjini, joto lina hesabu yake pia. Gundi iliyookotwa upesi au wakati wa baridi bado ina maji mengi ndani, na mnunuzi mkubwa anataka isizidi asilimia 15. Ukiipima siku inapofika na kulipa hapo hapo, unanunua maji kwa bei ya gundi. Itandaze kivulini juu ya magunia safi, toa maganda na mchanga, uipime tena baada ya wiki. Ihifadhi kwenye gunia la mkonge, maana kwenye karatasi ya plastiki hutoka jasho na kushikana. Na mawingu yakianza kujikusanya mwezi wa Machi, watumie wachungaji habari waokote yote iliyo tayari: mvua moja ya usiku huyeyusha gundi yote iliyobaki mtini.