Fahamu: Kwa nini Dar es Salaam hujengwa kabla ya kupimwa
Sensa ya 2002 ilihesabu watu takriban milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya 2022, milioni 5.4. Mipango kabambe ya jiji iliandaliwa 1949, 1968 na 1979, kisha miongo ikapita bila mpya huku watu wakiendelea kujenga. Pembezoni, shamba hukatwa vipande, mauziano yakaandikwa mbele ya mjumbe, msingi ukachimbwa. Barabara hutafutwa baadaye, wakati gari la zimamoto halipiti tena na bomba la maji halina pa kulazwa. Urasimishaji wa makazi yaliyokwisha kujengwa husaidia watu kupata hati, lakini kupanua kichochoro ni kubomoa ukuta wa mtu. Ndiyo maana Kibaha na Mkuranga, mkoani Pwani, zinazopakana na jiji, zinastahili kupimwa sasa, maeneo ya barabara na shule yatengwe mashamba yakiwa bado yapo.