Kwa nini kiwiko cha mpanda miamba huuma?

Wapo watu wanaopanda miamba kwa mikono na miguu, kamba kiunoni, na kwao huo ni mchezo kama mpira. Huko Kenya huonekana Hell's Gate, karibu na Naivasha, penye mwamba uitwao Fischer's Tower, urefu wake kama mita 25. Ugonjwa mmoja unaowasumbua sana ni maumivu ya kiwiko. Mtu hakuanguka, hakugongwa, lakini asubuhi hawezi kuinua sufuria ya chai.

Mkulima wa jembe la mkono, mkamuaji wa ng'ombe na fundi wa nyundo wanayajua maumivu haya pia. Kwa hiyo tusiseme hayatuhusu.

Maumivu yanatoka wapi?

Shika kigasha chako, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Sasa kunja ngumi kwa nguvu. Umesikia nyama inavyocheza? Misuli mikubwa inayokunja vidole haikai kwenye vidole, inakaa huko kwenye kigasha. Nayo imefungwa kwenye mfupa wa kiwiko kwa kano. Ukinunua nyama buchani, ile kamba nyeupe isiyotafunika kirahisi ndiyo kano.

Upande wa ndani wa kiwiko, ule wa kuelekea mbavu, zimefungwa kano za misuli inayokunja vidole na kifundo cha mkono. Upande wa nje zimefungwa kano za misuli inayoinua kiganja. Mpanda miamba ananing'iniza mwili wake kwa ncha za vidole, basi kano za ndani zinapata taabu kubwa. Lakini za nje nazo hazipumziki. Kunja ngumi tena utazame: kifundo kinajiinua kidogo kwenda nyuma. Misuli ya nje inakishikilia kisikunjike, ili vidole vipate nguvu. Kila unaposhika kitu, pande zote mbili ziko kazini.

Msuli una haraka, kano haina

Chanzo hasa ni kuongeza mzigo upesi mno. Msuli hupata damu nyingi, na kwa majuma machache ya mazoezi mtu anajiona ana nguvu. Kano hupata damu kidogo, nayo hujijenga polepole, kwa miezi. Basi kijana aliyekuwa akipanda siku mbili kwa juma anapanda siku tano, tena anatafuta miamba yenye vishikio vidogo zaidi. Au alikaa miezi mitatu bila kupanda, kisha anataka kuanzia pale pale alipoachia. Msuli unakubali, kano inakataa. Nyuzi zake zinaharibika kidogo kidogo, na kabla hazijapona mzigo mwingine unafika. Si ndivyo afanyavyo mtu aliyekaa kiangazi chote, halafu mvua ya kwanza akalima kutwa nzima siku sita mfululizo?

Zamani waganga wengi walidhani kano hiyo imewaka na kuvimba tu. Walipozitazama kwa hadubini kano zilizouma muda mrefu, waliona zaidi nyuzi zilizovurugika, kama kamba ya katani iliyochakaa. Habari hii ni kubwa, maana watu wetu hupenda sindano. Ipo sindano ya dawa ya steroidi inayochomwa pale panapouma. Mwaka 2006 ulitangazwa utafiti wa Brisbane, Australia, juu ya watu 198 wenye maumivu ya upande wa nje. Baada ya majuma sita waliochomwa sindano walikuwa na nafuu kubwa. Lakini kati ya 65 walioonekana kufanikiwa, 47 hali iliwarudia vibaya. Mwisho wa mwaka, waliotibiwa kwa kunyooshwa mkono na mazoezi waliwapita.

Afanye nini basi?

Apunguze kazi ya mkono ule, asiiache kabisa. Kano isiyopewa kazi hudhoofika nayo. Alaze kigasha mezani, kiganja kipite ukingo wa meza. Kama panauma upande wa nje, kiganja kitazame chini. Kama ni wa ndani, kitazame juu. Ashike chupa ya maji ya nusu lita. Mkono mzima usaidie kuipandisha, mkono mgonjwa uishushe peke yake, polepole, akihesabu hadi tano. Mara 15, apumzike, arudie hadi mizunguko mitatu. Maumivu madogo si kitu, makali ni dalili ya kupunguza maji chupani. Nafuu huchukua majuma, pengine miezi.

Lakini kama kidole cha mwisho na jirani yake vinakufa ganzi, mshipa wa fahamu umeguswa, amwone daktari. Na kama kiwiko kimevimba na kina moto pamoja na homa, au alisikia kitu kimekatika ghafla, chupa aiweke chini, aende hospitali siku hiyo hiyo.