Katapila la Nairobi, Kazi ya Arusha

Wateja wangu wa Arusha huanza na bei ya ekskaveta Nairobi. Mimi huanza na cheti cha asili. Mashine iliyoundwa Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki eti kwa sababu imechimba Kenya miaka mitano; ushuru una hesabu yake.

Ukienda kuikagua mashine, nenda na fundi wako. Mita ya saa huchezewa, lakini pini zilizolika hazifichiki: mwambie opereta anyanyue mkono, atikise kijiko, nawe tega sikio.

Mpaka wa Namanga si kazi, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, upande unaoingia. Kazi ni lobedi, trela la chini la kubebea mashine. Minyororo ya mashine ikizidi upana unaoruhusiwa barabarani, kibali cha TANROADS, wakala wa barabara Tanzania, kitafutwe kabla gari halijaondoka.