Manono: bati ilijenga mji, litiumu itatuachia nini?

Ndugu wafanyakazi, vijana wa leo wanajua Manono kwa sababu ya litiumu. Wazee wetu waliijua kwa sababu ya bati.

Kampuni ya Wabelgiji, Géomines, ilianzishwa 1910. Mu miaka ya 1930 bwawa la Piana Mwanga lilijengwa pa mto Luvua, mashini zipate umeme. Kasiterite ni nzito kuliko muchanga: waliiosha na maji, yenyewe ikabaki chini, muchanga ukatupwa pembeni. Vile njo vilima munavyoona mpaka leo.

Kisha uhuru, Serikali iliingia mu kampuni, jina likawa Zaïrétain. Mwezi wa 10, 1985, bei ya bati ikaanguka kule London. Bei ilikatwa kule, posho ikakatwa kwetu. Vita ya 1998 ikamaliza kilichobaki.

Leo wageni wanarudi, maana mu mawe yale yale ya bati, hata mu vilima vya muchanga, muna litiumu. Lakini litiumu nayo bei yake inapanda na kushuka, sawa bati.

Kwa hiyo, wewe unayeingia kazini, usiangalie mushahara tu. Uliza kontra ya maandiko. Uliza kama jina lako limeandikwa ku CNSS. Kila karatasi ya malipo itunze, na bibi yako ajue iko wapi. Siku mashini itanyamaza, mjane hatadai pensioni na kumbukumbu. Ataidai na karatasi.