Ardhi, Dada na Mama Yetu

Mnamo mwaka 1225 Mtakatifu Fransisko wa Assisi, mgonjwa na karibu kipofu, alitunga utenzi wa kumsifu Mungu pamoja na viumbe vyake. Hakutumia Kilatini, bali lugha ya nyumbani kwao. Humo jua na moto ni ndugu, maji ni dada, ardhi ni dada na mama. Kutoka utenzi huo Baba Mtakatifu Fransisko aliupatia waraka wake wa mwaka 2015 jina, Laudato si'.

Kwetu jina la undugu si pambo la maneno; ni deni. Kilima kilichokatwa miti yote kwa ajili ya makaa ni mama aliyevuliwa nguo mbele ya wanawe. Basi, baba akataye mti, apande mwingine pamoja na watoto wake.