Nondo Dume Hunusa kwa Vipapasio

Wakulima wengi wa skimu wanaofika ofisini hapa Machakos huuliza swali moja juu ya mtego wa nondo wa viwavi jeshi. Mtego huo hauna taa, hauna asali, nao huning'inia juu ya nguzo peke yake usiku kucha. Ndani yake mna kipande kidogo cha mpira tu, na ukikinusa husikii harufu yo yote. Lakini asubuhi waweza kukuta nondo kumi, ishirini au zaidi, na wote ni madume. Basi ni nani aliyewaita?

Aliyewaita ni harufu. Jike wa nondo ana tezi mwisho wa tumbo lake. Usiku, akiwa tayari kupandwa, hutulia mahali, huitokeza tezi ile na kutoa harufu ambayo wataalamu huiita feromoni. Kile kipande cha mpira kimetiwa harufu iliyotengenezwa na watu kwa kufuata ile ya jike. Dume hudanganyika.

Dume hana pua kama yako. Pua yake ni vile vipapasio viwili vilivyo kichwani kama nyuzi. Vikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonekana vina nywele nyingi ndogo sana, na kila unywele wa kunusia una vitundu. Chembe ya harufu hupenya katika kitundu, huingia katika majimaji yaliyo ndani ya unywele, na kufika kwenye mshipa wa fahamu. Mshipa nao hupeleka habari kwenye ubongo. Nywele za kazi hii hazijali moshi wa jikoni wala samadi ya zizini. Zinangoja harufu ya jike tu.

Nondo aliyechunguzwa zaidi ni yule wa hariri. Kila kipapasio cha dume wake kina nywele za namna hii zipatazo 17,000, na imeonekana kwamba chembe moja tu ya harufu yaweza kuuamsha mshipa. Bwana Adolf Butenandt wa Ujerumani na wenzake walitumia miaka ipatayo 20, na majike wapatao 500,000, ndipo wakaijua harufu hiyo mwaka 1959. Mimi nilipoisoma hesabu hii mara ya kwanza nilidhani ni kosa la mpiga chapa.

Sasa, dume hufikaje? Tazama moshi unaotoka katika paa la jiko: hauendi kama kamba iliyonyoshwa, bali hukatika vipande vipande. Harufu ya jike ni vivyo hivyo. Dume akiinusa huelekea upepo unakotoka na kuruka mbele. Akiipoteza, huyumba kushoto na kulia mpaka aipate tena. Ndiyo sababu mtego haufai kufichwa nyuma ya ghala au katikati ya ua mnene. Uwe mahali pa wazi, upepo upite.

Kila aina ya nondo ina mchanganyiko wake. Viwavi jeshi wale waliotoka Marekani na kuonekana Kenya mwaka 2017 si wale wetu wa zamani, na mpira wa hawa si wa wale. Usiuguse mmoja kisha ukaushika wa pili kwa vidole vile vile, maana utazichanganya harufu na hesabu yako itaharibika.

Wengine husema, "Basi tuwakamate madume wote, majike watazaa na nani?" Ni wazo zuri, lakini halifai kwa nondo huyu. Dume mmoja aweza kuwapanda majike wengi, na nondo hawa huletwa na upepo kutoka mbali, kisha mvua huwashusha mahali pamoja. Mtego ni mjumbe wa habari. Huko Muguga kazi ya kutabiri viwavi jeshi ilianza mwaka 1969, wakati mitego ilikuwa ya taa, ambayo hukusanya wadudu wa kila namna, na kuwachambua ni taabu. Mtego wa harufu hukuletea karibu wale unaowataka tu, nawe waweza kuwahesabu mwenyewe.

Kwa hiyo hesabu kila asubuhi na uandike. Idadi ikipanda ghafula na mvua imenyesha, usingoje kuviona viwavi vyeusi barabarani. Mayai huanguliwa kwa siku chache, na viwavi wachanga ni wadogo, wa kijani, hawaonekani upesi. Inama uyatazame majani ya mahindi, mtama na wimbi, na nyasi za malisho pia. Maharagwe na kunde waweza kuyapita. Ukiwakuta, mwarifu Bwana Shamba siku hiyo hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chao huliwa katika siku zao za mwisho kabla ya kujifukia ardhini.