Paka kamng'ata mtoto? Usimuue kwanza, hesabu siku 10

Leo siasa naziweka pembeni. Naomba dakika zako chache, hata kama uko kafe na muda wako unakimbia, maana haya yalinikuta nyumbani kwangu, na ningeyajua mapema nisingekonda vile nilivyokonda.

Nianze na paka mwenyewe. Naishi Mbezi, Dar es Salaam, nimepanga vyumba viwili vya uani. Masika ya mwaka 2023 mvua ilikuwa inapiga kweli kweli, paka mmoja akaja kujikinga kibarazani. Kakonda, sikio moja limechanika, macho yote kwenye sufuria yangu. Paka shume wa kawaida tu, wale ambao kila mtaa unao na kila mtu anawarushia kandambili. Nikamtupia vichwa vya dagaa. Kesho yake karudi. Keshokutwa karudi na panya mdomoni, akamlaza mlangoni kama mtu anayelipa kodi. Hapo tukawa tumeelewana. Nikamwita Shume.

(Jina lenyewe nilikosea. Shume ni dume, na huyu ana rangi tatu: nyeupe, nyeusi na ya chungwa. Bwana mifugo alinicheka sana. Kinasaba cha ile rangi ya chungwa hukaa pamoja na vinasaba vya jinsia, kwa hiyo paka mwenye rangi ya chungwa na nyeusi kwa pamoja karibu siku zote ni jike. Lakini jina lilishazoeleka, basi.)

Mama mwenye nyumba hakufurahi.

"Mwanangu, huyu paka umemleta wewe?"

"Shikamoo mama. Kajileta mwenyewe."

"Marahaba. Haya, wazee walisema paka wa nyumba haingwa. Lakini siku atakayonilia kifaranga, nawainga wote wawili."

Sasa uani kwetu pana mwembe mkubwa, mipapai miwili, na nyuma kuna korongo lenye kichaka. Ukikaa pale ndio unajua kwamba Dar sio ya watu peke yao. Asubuhi kunguru wanagombania makombo (hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu sio wenyeji, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavuka wenyewe). Mchana kenge anapita taratibu kutafuta mayai. Usiku popo wanakula maembe na komba wanalia juu ya mti kama mtoto mchanga, mgeni akilala kwangu lazima aniamshe kuniuliza nini kile. Na jioni jioni wanakuja nguchiro, kundi zima, wamepigwa milia mgongoni, wanafukua wadudu kwenye shimo la taka. Mimi nilikuwa nakaa na kikombe cha chai nawaangalia. Bure kabisa, hakuna kiingilio.

Kosa langu ni moja. Nilikuwa namlisha Shume, nampa maziwa Idi, lakini chanjo? Sikuwahi hata kuiwaza. Nilijua ule ugonjwa unaitwa kichaa cha mbwa, basi ni wa mbwa.

Juni 2024 shule zimefungwa, mpwa wangu wa miaka 7 akaja likizo kutoka Morogoro. Siku ya pili tu Shume akarudi jioni anachechemea, mguu wa nyuma una jeraha la meno. Jirani alisema amemwona akigombana na nguchiro kwenye taka. Nikamsafisha, nikalala. Siku tatu baadaye mtoto akataka kumbeba, akamshika palepale kwenye kidonda. Paka akamkwaruza na kumng'ata mkononi. Haikuwa kitu kikubwa, ngozi ilichubuka, damu haikutoka. Mtoto akalia kidogo, akasema "Anko, Shume mbaya", akarudi kucheza.

Na mimi nilitaka kurudi kwenye shughuli zangu. Kilichonishtua ni mama mwenye nyumba. Kijijini kwao aliwahi kumwona mtu akifa kwa ugonjwa huu. Alisema neno moja tu: "Yule paka ang'atwe na mnyama wa porini, halafu amng'ate mtoto, na wewe umekaa?" Uso wake ulinitosha.

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Mmoja kasema paka mafuta ya taa. Mwingine kasema pilipili. Wa tatu akashika fimbo kabisa: "Paka auawe sasa hivi, tumalize." Nikamwomba asubiri, nikamfungia Shume kwenye banda la kuku la zamani, nikambeba mtoto na bodaboda.

Kituo cha kwanza tulichofika chanjo haikuwepo. Wakatuelekeza hospitali kubwa zaidi. Lakini muuguzi wa pale hakutuacha tuondoke hivi hivi, alituweka kwenye bomba kwanza. Akaniambia: "Kaka, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15, angalia saa." Dakika 15 ni nyingi jamani! Mtoto alichoka mimi nikachoka. Lakini sababu ndiyo hii: virusi vinakuwa kwenye mate ya mnyama, na vikiwa bado kwenye ngozi na nyama, sabuni inaviua na maji yanaviondoa. Vikishaingia kwenye mishipa ya fahamu vinaanza safari ya kupanda kwenye ubongo, na huko sabuni haifiki. Mafuta ya taa na pilipili vinachoma nyama tu.

Hospitali ya pili tukapata chanjo. Daktari alikuwa kijana, akanieleza bila haraka, na nilivyomwelewa mimi ni hivi.

Safari ya virusi kwenda kwenye ubongo inachukua muda. Mara nyingi miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa wiki moja tu au hata mwaka. Ndio maana mtu anang'atwa, kidonda kinapona, anasahau, halafu siku moja anaanza homa, kidonda kinawasha, anashindwa kumeza, akiona maji anashtuka. Dalili zikishaanza, karibu kila mtu anakufa. Hapo hakuna dawa. Lakini ule muda wa safari ndio nafasi yetu. Chanjo ikiwahi, mwili unatengeneza kinga kabla adui hajafika ubongoni. Wazo hili ni la zamani, Louis Pasteur alilitumia mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, na mtoto akapona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayemshika mnyama, na mtoto ndiye anayeogopa kusema nyumbani.

Mpwa wangu akachomwa sindano siku ile ile, akapangiwa siku ya 3 na siku ya 7. Kwa jeraha lililotoa damu au mate yaliyoingia jichoni au mdomoni, daktari alisema kunahitajika pia dawa nyingine ya kinga inayochomwa kuzunguka kidonda. Letu halikufika huko.

Halafu akauliza: "Paka yuko wapi?" Nikamwambia nimemfungia. Akashusha pumzi. "Vizuri. Watu wengi wanamuua na kumtupa, halafu sisi tunabaki gizani."

Hili ndilo nataka ulikamate. Mbwa au paka anaweza kuambukiza kwa mate pale tu virusi vimeshafika ubongoni na kushuka kwenye mate. Akifikia hatua hiyo, mwenyewe hana siku nyingi, anaugua na kufa. Kwa hiyo ukimfungia siku 10 tangu alipong'ata, na siku ya 10 anakula, anakunywa, anakutambua, basi siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na virusi. Daktari anaweza hata kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua au akifa, mnajua pia, na kichwa chake kinaweza kupimwa maabara. Paka ndiye jibu lenyewe. Ukimuua na kumtupa korongoni umelitupa jibu.

Basi nikaanza kuhesabu. Siku ya kwanza nikampigia dada Morogoro. Hiyo simu sitaki kuielezea. Alinyamaza, halafu akauliza, "Umeshamwosha?" Nikasema ndiyo. "Umeshamchoma?" Ndiyo. Ndipo akaanza kulia.

Kila asubuhi naenda bandani kabla ya mswaki. Chakula nasukuma kwa mti, mkono siingizi. Naangalia: anakula? Sauti ni ile ile? Anadondosha mate? Anajikokota miguu ya nyuma? Anakwaruza wavu kwa hasira isiyo yake? Siku ya 4 hakula dagaa. Wadau, siku ile sikwenda kazini. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda mpaka saa nane mchana, mtoto naye anachungulia dirishani, ananiuliza "Anko, Shume anakufa?" Saa nane na nusu akanyanyuka, akanywa maji, akala. Kumbe ni joto tu.

Siku ya 10 bwana mifugo alikuja, akamwangalia, akasema mzima. Hospitali nao wakaridhika. Mama mwenye nyumba akachinja kuku, akasema ni kwa ajili ya mtoto, lakini utumbo alimpelekea Shume mwenyewe.

Ila bwana mifugo hakuniacha nishangilie. Alisema siku 10 zinamsafisha mtoto, hazimsafishi paka. Maana kama nguchiro alikuwa na virusi, paka anaweza bado kuwa navyo safarini, ndani ya miezi ijayo. Akamchanja papo hapo, akaniambia niendelee kumweka mbali na watoto na kumchunguza kwa miezi kadhaa. Mpwa akarudi Morogoro likizo ilipoisha, mimi nikaendelea na ndoo yangu. Miezi ikapita, Shume yupo mpaka leo, mzima, mnene, na ameshafungwa kizazi.

Nimejifunza nini? Naandika kwa namba ili ikae kichwani:

1. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake. Kila mnyama anayenyonyesha anaweza kukipata: paka, nguchiro, komba, popo, mbuzi, binadamu. Kenge, mjusi na kunguru hawana, wao ni reptilia na ndege. Panya kumwambukiza mtu ni nadra sana.

2. Hesabu ya siku 10 ni ya mbwa na paka tu. Aking'ata nguchiro, komba au popo, usihesabu chochote. Osha, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

3. Na hata kwa paka, usisubiri siku 10 ziishe ndipo uende. Sindano inaanza leo, hesabu inaendelea pembeni.

4. Mnyama ambaye tayari anashambulia hovyo au anatokwa mapovu usijaribu kumkamata kwa mikono. Waite maafisa mifugo, wafungie watoto ndani.

5. Chanja paka wako kama unavyochanja mbwa. Dozi moja tu ya mtoto ilinigharimu mara kadhaa ya chanjo ya Shume, na hiyo ni kabla ya nauli na usingizi.

6. Funika taka, na paka alale ndani. Nguchiro hakuja kugombana, alikuja kula. Mimi ndiye niliyewawekea sahani moja wao na paka. Sasa shimo lina mfuniko, nguchiro bado wanapita kule kichakani wakifukua mende wao, na jioni bado nawaangalia na chai yangu, kwa mbali.

Nguchiro sina kinyongo nao. Shume naye sina. Alishikwa kwenye kidonda, angefanya nini? Mwenye akili pale uani nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyelala.

Mpwa wangu kapiga simu juzi, anataka kuja tena likizo. Sharti lake moja: Shume awepo.

Haya, nawasilisha. Kwenu mtaani mtu aking'atwa huwa mnafanya nini, na chanjo mnaipata au mnazungushwa? Mwaga hapo chini kwenye maoni, na ukitoka kafe mwambie na mwenzako.